Kijana, Unajua Mchezo Unapoishia?



Mdogo wangu mmoja wa VIWAWA kule nyumbani Kilimanjaro ameniuliza swali ambalo nimelibeba wiki nzima. Amesikia kwamba huku Marekani nacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wenye majoka na wachawi, akanitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, hivi nyie hamtachanganyikiwa? Mtu akishazoea kujifanya mchawi, atajuaje kwamba yeye si mchawi?" Nikaanza kumjibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani, na siwezi kulijibu bila kutaja jambo langu ambalo hadi leo wanalijua watu wachache sana.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wengi wetu tukisikia "mchezo" tunafikiria skrini. Huu hauna skrini. Ni watu watano au sita, meza, penseli, karatasi, na dadu za maumbo ya ajabu: ipo ya pande 4, ipo ya pande 8, hadi ile ya pande 20. Mmoja anakuwa msimuliaji, ndiye anayejua kilichopo nyuma ya mlango. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na nguvu zake, udhaifu wake, hata kamba na mkate aliobeba, vimeandikwa kwenye karatasi. Msimuliaji anasema, "Mmefika darajani, ng'ambo kuna joka limelala. Mnafanyaje?" Basi mnabishana, mnaamua, mnarusha dadu, na dadu inasema kama mmefaulu. Ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na mji wa Lake Geneva ulikoanza kuchapishwa uko hapa hapa Wisconsin ninakosoma. Huku kuucheza ni jambo la kawaida kabisa, kama kwetu watu kukaa na bao chini ya mti.

Mimi nililetwa mezani na mwenzangu wa chumba, mwezi wa kumi na moja, baridi imeshaanza kukata masikio. Nilikwenda na rozari mfukoni, sitanii, nimeishika kabisa. Nilipoambiwa nichague mhusika nikachagua kasisi, maana kwenye mchezo huo yupo kasisi anayeponya majeraha ya wenzake. Nikasema moyoni: kama ni kuingia humu, niingie kwa upande wa Mungu. Walipojua sababu walicheka, na mimi nikacheka, ila rozari sikuiachia.

Hofu hiyo ina historia yake, na ni historia ya huzuni. Mwaka 1979, mwezi wa nane, kijana wa miaka 16 alitoweka Chuo Kikuu cha Michigan State. Alikuwa na akili ya ajabu, ndiyo maana alikuwa chuoni katika umri ule. Ikajulikana kwamba alikuwa akicheza mchezo huu, na kwamba chini ya chuo kuna mahandaki ya mabomba ya mvuke. Basi watu wakaunganisha wenyewe: lazima ameshuka kule kucheza, akapotelea ndani ya ndoto, hajui tena yeye ni nani. Magazeti ya nchi nzima yakaibeba habari hiyo. Mwaka 1981 ikatoka riwaya yenye wazo hilo hilo, na mwaka 1982 ikawa filamu ya televisheni, *Mazes and Monsters*, ambamo Tom Hanks, kijana bado, anacheza mwanafunzi aliyemezwa na mhusika wake. Mwaka 1983 mama mmoja wa Virginia, Patricia Pulling, ambaye mwanawe alikuwa amejitoa uhai, alianzisha chama cha kuupinga mchezo huu. Mimi siwezi kumcheka mama yule. Mtu aliyezika mwanawe anatafuta mlango wa kugonga, na mlango alioukuta ulikuwa ule.

Lakini yule kijana wa Michigan ukweli wake ulikuwa mwingine. Mpelelezi aliyekodishwa kumtafuta, William Dear, aliandika kitabu mwaka 1984 akaeleza kuwa kijana hakushuka mahandakini kucheza. Alishuka akiwa amekata tamaa, amelemewa na upweke na matarajio ya watu juu yake, akitaka kufa. Hakufa siku ile. Alikimbia, akapatikana mwezi mmoja hivi baadaye kule Louisiana. Mwaka uliofuata, 1980, alijitoa uhai. Tumwombee, Kanisa linatufundisha tusikate tamaa juu ya watu kama yeye.

Nimeitafakari sana habari hii. Taifa zima linatafuta joka chini ya ardhi, na mtoto ana sonona. Nani hapo alikuwa hajui kutofautisha ndoto na kweli?

Kuna mwanasosholojia, Gary Alan Fine, aliyekaa na wachezaji hawa kwa muda mrefu akaandika kitabu, *Shared Fantasy*, mwaka 1983. Aliona kwamba kila anayekaa mezani yuko kwenye ngazi tatu kwa wakati mmoja. Yupo mhusika, mwenye upanga. Yupo mchezaji, anayejua kanuni na kuhesabu dadu. Na yupo mtu mwenyewe, mwenye njaa, mwenye mtihani kesho, anayetaka kwenda chooni. Wanapanda na kushuka ngazi hizo mara mia kwa usiku mmoja na hawajikwai. Nimeona kwa macho yangu: mtu anatoa hotuba ya kufa kwa heshima mbele ya jeshi la adui, machozi karibu yamtoke, halafu bila kupumzika anasema, "Nipitishie hizo chipsi." Meza yetu tulikuwa na kadi katikati, yeyote akiona jambo limemgusa vibaya anaigusa tu, mchezo unasimama, hakuna anayemuuliza kwa nini. Wana hata jina la hali ile ambapo hisia za mhusika zinampenya mchezaji, wanaita kuvuja, na wanaizungumza waziwazi ili wailinde. Usiku ukiisha karatasi zinakunjwa, zinaingia kwenye bahasha. Mchezo umeishia hapo.

Na kuhusu uchawi, kwa ufupi, maana najua hapo ndipo baadhi yenu mmekwama. Katekisimu, namba 2116 na 2117, inakataza kumwendea Shetani, kuwaita wafu, kupiga ramli, kutaka nguvu za kuwatawala wengine. Hayo ni matendo ya kweli yanayofanywa na watu wa kweli, na mdogo wangu, tusidanganyane, yanafanyika mitaani kwetu na watu wanaopokea Komunyo. Kurusha dadu ukisema "kasisi wangu anaponya jeraha" ni hadithi. Tolkien, ambaye elfu na mbilikimo wake wamejaa kwenye mchezo huu, alikuwa Mkatoliki wa Misa na kitubio. Meza ikianza kuvuka mpaka huo, ikaanza kuita kitu chochote kweli kweli, inuka uondoke, usiage hata. Yangu haikuwahi.

Sasa nije kwangu.

Muhula ule wa kwanza nilifeli masomo mawili kati ya manne. Nilipewa barua ya onyo: muhula mwingine kama huo, ufadhili unakwisha. Hiyo barua niliiweka ndani ya Biblia, sijui kwa nini, labda nilidhani Mungu ataisoma. Mama yangu aliuza ng'ombe ili nipate nauli ya ndege. Jumuiya yetu ndogo ndogo ilichanga. Bibi mmoja ambaye hata viatu vyake najua ni viwili tu alileta elfu tano imekunjwa kwenye kitambaa. Mama anaponipigia, kitu cha kwanza ni kuniambia kwamba Jumamosi wameniombea kwenye jumuiya, wameshukuru kwa ajili ya mafanikio yangu.

Nami nilikuwa namjibu: "Namshukuru Mungu mama, naendelea vizuri." Nikatuma na picha. Mimi kwenye ngazi za maktaba, theluji nyuma, kitabu mkononi. Kitabu chenyewe hata hakikuwa cha somo langu. Mama akaipeleka picha ile kwenye jumuiya, watu wakaiangalia kwa zamu. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili nilikuwa na mhusika mmoja tu ninayemcheza kila siku bila kupumzika: mtoto wa Mama aliyefanikiwa Marekani. Huyo hakuwa na karatasi ya kukunja wala kadi ya kusimamisha. Hakukuwa na mtu mezani anayejua kwamba ni mchezo, isipokuwa mimi, na ilifika mahali hata mimi nilikuwa nasahau. Kuna usiku nilimweleza mama kuhusu mwalimu aliyenisifia darasani, nikaeleza vizuri mno, nikakata simu nikiwa na furaha ya kweli. Mwalimu huyo hakuwahi kunisifia. Nilikaa kitandani dakika kadhaa nikiwa bado nafurahi, ndipo nikakumbuka.

Jamani, hapo ndipo nilipoogopa. Majoka hayakuwahi kuniogopesha namna ile.

Ijumaa moja ya mwezi wa pili tulikuwa mezani. Katika hadithi tulikuwa tumepiga kambi baada ya vita tuliyoshindwa vibaya. Hakuna dadu, ni maongezi tu ya wahusika kando ya moto. Msimuliaji akauliza kila mmoja: mhusika wako anamwandikia nani barua usiku huu, na anaandika nini? Wakajibu, mwingine mke, mwingine deni. Ikafika kwangu. Nikasema, bila kufikiri, kwamba kasisi anamwandikia mama yake kwamba vita tumeshinda.

"Kwa nini amdanganye?" akauliza msimuliaji.

"Kwa sababu mama aliuza ng'ombe," nikasema.

Meza ikanyamaza. Dada mmoja aliyekaa kushoto kwangu, ambaye si Mkatoliki wala sijui kama anasali kabisa, akaweka penseli chini akaniuliza taratibu: "Hiyo ni ya kasisi, au ni yako?"

Sikuigusa kadi. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi bila koti.

Mnajua Nabii Nathani alipomwendea Mfalme Daudi, Samweli wa Pili sura ya 12. Daudi amemchukua mke wa Uria, amemuua Uria kwa upanga wa maadui, na anaendelea na ufalme kama kawaida. Nathani hakuanza na amri za Mungu. Alianza na hadithi: tajiri mwenye mifugo mingi, na maskini mwenye kondoo mmoja aliyekuwa akilala kifuani pake. Daudi akawaka hasira juu ya mtu asiyekuwepo. Alimlilia kondoo wa kubuni ilhali hakumlilia Uria. Ndipo Nathani akamwonyesha kwamba mtu wa hadithi ni yeye. Hapo niwaombe mtazame vizuri mambo yalivyokaa: ikulu ndimo kulimokuwa na ndoto, na hadithi ndiyo iliyobeba ukweli. Mungu alipita mlango wa kubuni kwa sababu milango mingine Daudi alikuwa ameifunga. Na Bwana wetu naye, mara ngapi alifundisha kwa kumbuni mtu? Msamaria, mpanzi, mjane msumbufu.

Ndiyo maana sitamwambia mdogo wangu kwamba kujifanya ni kubaya. Nitamsimulia habari ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, maana huyu alikuwa mwota ndoto kuliko sisi wote. Mwaka 1521 kule Pamplona mzinga ulimvunja mguu. Akiwa amelazwa nyumbani Loyola aliomba vitabu vya mashujaa wa farasi na mapanga, vile alivyovipenda. Havikuwepo. Wakampa maisha ya Kristo na habari za watakatifu. Basi kitandani akawa na ndoto za aina mbili. Anaweza kukaa saa tatu, saa nne, akimuwaza mwanamke fulani wa cheo kikubwa: atamfikiaje, atamwambia maneno gani, atafanya ushujaa gani. Siku nyingine anawaza kwenda Yerusalemu bila viatu, kula majani, kufanya waliyofanya watakatifu. Zote zilimpendeza wakati anaziwaza. Tofauti aliiona baadaye. Zile za kwanza zikipita zilimwacha mkavu, hana raha. Zile za pili zikipita, furaha inabaki. Akaanza kujiuliza kwa nini, na katika kujiuliza huko ndiko yalikoanzia mafundisho yake yote ya kupambanua roho. Wala hakuitupa ile karama ya kujenga picha. Katika Mazoezi ya Kiroho anakuambia uitumie: jenga mahali moyoni, uione barabara ya kwenda Bethlehemu, uwe pale pangoni kama mtumishi mdogo, utazame, usikilize.

Mimi nilianza kutumia kipimo hicho, tena kwa mambo yote mawili. Mchezo wa Ijumaa mara nyingi uliniacha mwepesi, nimecheka, nimesikilizwa, nalala. Mara nyingi, si zote. Kuna Jumamosi tulicheza hadi saa tisa usiku, nikalala moja kwa moja nikakosa Misa ya Jumapili. Ladha ya siku ile ilikuwa majivu, na nilipaswa kuiungama, nikaiungama. Kuna jioni nilikwenda mezani kwa kuwa tu sikutaka kufungua kitabu. Hiyo nayo ilikuwa kavu. Ila ile simu ya kila wiki na mama iliniacha mkavu kila mara, bila kukosa, tangu siku ya kwanza. Nilikuwa na kipimo mkononi muda wote, nikawa napima kitu kingine.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukiniuliza kama wachezaji wanachanganyikiwa, nitakuomba utazame kwanza mahali ambapo hakuna aliyetangaza kwamba mchezo umeanza. Picha ya gari la rafiki ukiwa umeliegemea. Mchumba unayemwandikia kama mtu mwenye kazi. Kijana wa kwaya ambaye nyumbani ni mtu mwingine kabisa. Nayataja kwa kuwa nayajua kwa majina, la kwanza kabisa likiwa langu. Na kama kuna mwenzako amezama, haijalishi ni kwenye dadu, kamari ya mpira au simu, usikimbilie kuchoma kile alichokishika. Kaa naye. Muulize anakimbia nini. Pengine barua iko ndani ya Biblia. Na ukisikia anazungumzia kufa, usimwache peke yake hata dakika moja. Mwite mzazi, mwite padre, mpelekeni hospitali.

Padre wa kituo chetu cha wanafunzi, nilipomaliza kuungama yote haya, alinipa kitubio kimoja: soma Luka 15, halafu piga simu. Nikaisoma usiku ule. Nilikuwa sijawahi kugundua kwamba yule mwana mpotevu, alipozinduka kule kwenye nguruwe, alitunga hotuba. Aliipanga neno kwa neno, na mwishoni mwake akaweka ombi la kufanywa kama mmoja wa vibarua. Halafu alipofika, akaanza kuitoa, baba hakumwacha aimalize. Kipande cha vibarua hakikusemwa kamwe. Baba tayari alikuwa anaagiza vazi.

Nami nikatunga yangu. Niliiandika nyuma ya karatasi ya kasisi, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Kwamba nimefeli mawili. Kwamba ile picha ya maktaba ilikuwa uongo. Kwamba awaambie jumuiya, na kama wanataka mchango wao nitaurudisha kidogo kidogo. Jumamosi, saa moja asubuhi kwa huku, saa kumi jioni kwa nyumbani, nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Nikaanza kusoma. Nilifika kwenye masomo mawili, sauti ikaanza kukatika, nikaendelea hadi kwenye picha. Mama akanikata.

"Baba, ngoja kwanza. Umekula?"

Nikasema bado.

"Kale kwanza. Halafu unipigie unieleze yote. Yote, baba. Siyo kama siku zote ulivyokuwa unanisomea."